Sauti ya Dobi Velia

Pale uani Garbatella, mtaa wa Roma, kila mtu alikuwa akiombea ile diski itoke. Ersilia peke yake ndiye aliyekuwa akiomba isitoke, na hakuomba kwa mzaha. Kila Jumanne alipanda kilima hadi kanisani na goti lake bovu, akawasha mshumaa mbele ya Mtakatifu Antoni. Sasa Mtakatifu Antoni, kama mjuavyo, kazi yake ni kurudisha vilivyopotea: funguo, pete, miwani, waume. Ersilia akamwambia, "Baba Antoni, najua si kawaida yako, lakini hiki kimoja kiache kilipo." Akawasha na wa pili, ili asieleweke vibaya.

Diski yenyewe ilikuwa ya filamu ya zamani iitwayo Maji ya Jumatatu. Ilipigwa hapohapo uani, miaka ile baada ya vita, mabwana wa filamu walipochoshwa na waigizaji wa kupakwa poda wakateremka mitaani kutafuta nyuso za watu wenye njaa ya kweli. Hawakuhitaji kutafuta sana, maana Roma nzima ilikuwa na njaa. Mwongozaji, bwana mmoja aitwaye Ghislandi, mwenye skafu shingoni hata jua likiwaka, aliingia uani akamwona Velia akianika shuka za watu. Velia alikuwa dobi, mama wa watoto wawili, mtu wa milima ya Ciociaria. Ghislandi akamnyooshea kidole akasema, "Huyu." Velia akadhani anashitakiwa wizi wa shuka, akaanza kujitetea, na kadiri alivyojitetea ndivyo Ghislandi alivyozidi kufurahi.

Wakampa sehemu ya mke anayemngoja mumewe. Filamu ilipokwisha kupigwa, baridi ikaingia, Velia akashikwa na nimonia, akafa. Ersilia alikuwa na miaka kumi na miwili. Settimio, mdogo wake, alikuwa hata viatu hajui kufunga.

Mtoto wa umri huo akifiwa na mama habaki na mengi. Settimio alibaki na harufu ya sabuni ya magadi, na picha moja ya harusi ambayo Velia alitikisika wakati wa kupigwa, uso ukatoka ukungu mtupu. Akakua hivyohivyo. Akawa fundi wa kuvalisha mabehewa ya treni asbesto, ile pamba ya mawe ya kuzuia moto, akaoa, akazaa binti mmoja, Marzia, akafiwa na mke, akarudi kuishi na dada yake ambaye hakuwahi kuolewa, kwenye nyumba ileile ya uani. Na miaka yote hiyo alikuwa na swali moja.

"Uso wa mama nauona kwako, dada, hasa ukinuna," alikuwa akisema. "Lakini sauti? Alikuwa na sauti gani?"

"Sauti ya mtu mwenye kazi nyingi," Ersilia alimjibu kila mara. "Kula, chakula kinapoa."

Sasa vumbi la yale mabehewa lilikuwa limemrudia mapafuni. Daktari alimwita Marzia kando akamwambia wazi kwamba baridi ijayo ikiisha, baba yake huenda asiwepo kuiaga. Kuna watu wakifika hapo hutaka wapelekwe Lourdes kwa Bikira wakaombewe, wengine hutaka kuona bahari. Settimio, na mpira wa oksijeni puani, alisema anataka kitu kimoja tu.

"Nataka kumsikia mama akisema. Mara moja. Halafu mnizike mnavyotaka, hata kwa wimbo wa Lazio, timu ya mahasimu wetu."

Na hapo ndipo ulipokuwa msiba wa Ersilia. Velia wa kwenye filamu hakuwa na sauti ya Velia.

Ersilia alikuwepo siku walipopiga. Alikuwa amesimama nyuma ya kamba za kuanikia, amembeba Settimio kiunoni. Watu wale hawakunasa sauti hata kidogo. Mashine yao yenyewe ilikuwa ikinguruma utadhani kinu cha kahawa, na Ghislandi alikuwa akipiga kelele mwanzo hadi mwisho: geuka, tazama chini, sasa lia. Maneno waliyaweka baadaye, chumbani, kwa midomo ya watu wengine waliosomea kusema. Velia alijaribu kuyashika yale maneno aliyoandikiwa akashindwa, maana kusoma hakujua na kukariri hakupenda. Ghislandi akamwambia, "Mama, usijisumbue. Fungua mdomo tu. Sema chochote. Hesabu."

Basi Velia akahesabu. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kupoteza pumzi yake bure, alihesabu nguo za mteja wake wa Aventino. Shuka nne. Foronya sita. Vitambaa vya meza viwili, kimoja kina doa la divai, doa hilo si langu.

Filamu ilipoonyeshwa, Velia alikuwa ameshazikwa. Baba yao alimchukua Ersilia wakaenda sinema ya bei rahisi, Settimio wakamwacha kwa jirani. Uso wa mama ukatokea ukutani, mkubwa kama jengo. Ersilia akasahau kupumua. Kisha ule mdomo ukafunguka, na ndani yake akatoka mwanamke wa Firenze, bibi wa tamthilia, mwenye sauti laini iliyopigwa pasi, kila neno limekaa kwenye kiti chake. Huku midomo ikisema shuka nne, foronya sita, sauti ikasema, "Atarudi. Najua atarudi. Hata mlango nimeuacha wazi." Watu wakalia kila upande. Ersilia akaanza kucheka, kicheko kile kisichozuilika, mpaka baba akamtoa nje kwa mkono.

Kule barabarani baba hakumpiga. Aliwasha sigara, kiberiti kikazimika mara mbili, akasema, "Mdogo wako usimwambie. Huyo hana kingine."

Baba naye akafa. Filamu ikapotea, haikuonekana tena, na Ersilia akabaki na ile sauti ya kweli peke yake. Ilikuwa nzito, ya kukwaruza, imeharibiwa na mvuke na magadi, ya mtu wa mlimani anayeita mbuzi. Haikuwa nzuri. Alikuwa nayo kichwani kwa zaidi ya miaka sitini, akifua huisikia, akichelewa kulala huisikia, na hakuwahi kumwonyesha mtu kwa sababu sauti haionyeshwi.

*

Duka la Amleto la kukodisha kanda na diski lilikuwa linafungwa. Kioo chote kilikuwa kimebandikwa matangazo ya nusu bei, na Amleto mwenyewe, mtu wa tumbo na ndara, alikuwa akipakia filamu kwenye maboksi ya ndizi. Marzia aliingia na shangazi yake nyuma. Marzia alikuwa mfamasia. Alizoea watu kumwambia dawa haipo, lakini hakuzoea kukubali.

"Maji ya Jumatatu?" Amleto akaketi juu ya boksi. "Binti yangu, si uniombe kitu rahisi, kwa mfano figo?"

"Haipo?"

"Ipo na haipo. Aliyeigharamia alifilisika, kisha akafa. Ameacha watoto watatu wasiosalimiana. Mmoja ana haki, mwingine ana ile filamu yenyewe kwenye makopo, wa tatu ana wakili. Mpaka watatu hao wakae meza moja, hakuna diski. Mimi naingoja tangu enzi za kanda. Kila mwaka wanasema mwakani."

"Mbona za mijusi wakubwa wanaokula watu unazo rafu nzima?" Marzia akauliza.

"Mijusi hawana warithi, mama."

Marzia hakucheka. "Baba yangu anaumwa, Amleto. Huyo kwenye filamu ni mama yake."

Amleto akavua miwani, akamtazama Ersilia kwa muda, akasimama kwa heshima, ndara na yote. "Yule wa dirishani? Yule ni mama yenu? Mungu wangu. Nimeiona mara moja tu kwenye klabu ya filamu, nilikuwa kijana. Ile sehemu ya dirishani... nililia kama mjinga." Akamgeukia Marzia. "Sikiliza. Wafaransa wanayo. Wafaransa wametoa diski ya karibu kila filamu yetu ya wakati ule, wameipamba, wameiwekea na maelezo. Njaa yetu wanaipenda kuliko sisi. Agiza kwao."

"Basi, Mungu hakupenda," Ersilia akasema, amekwisha kushika kitasa cha mlango. "Twende, dengu ziko jikoni."

"Shangazi, amesema Wafaransa wanayo."

"Nimesikia alichosema. Wafaransa wana mambo mengi."

Diski ya Wafaransa ikaja kwa posta, kwenye kasha zuri. Marzia akaitia kwenye deki, Settimio akanyanyuliwa akawekewa mito mgongoni, amenyolewa ndevu, amevaa shati la Jumapili. Uani pakatokea. Palikuwa pale pale, ila pembamba zaidi na pachafu zaidi. Kisha Velia akaja dirishani, na Settimio akanyoosha mkono mbele.

Velia akafungua kinywa akasema Kifaransa.

Halafu Settimio akacheka mpaka mashine ya oksijeni ikaanza kulalamika. "Mama! Shule ulienda lini? Dobi wa Ciociaria anasema Kifaransa!" Alicheka akakohoa, akakohoa akacheka, Marzia akampiga mgongo taratibu huku anabonyeza rimoti kutafuta sauti nyingine. Haikuwepo. Wafaransa walikuwa na nakala yao tu, iliyotengenezwa kwa sinema zao.

Ersilia akaona mlango wa kusema ukweli umefunguka. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mdogo wake goti. Alisema polepole, kama mtu anayevuka kijito juu ya mawe.

"Settimio. Unaona walivyo hawa watu wa filamu? Wanachukua uso wa mtu, wanamtilia sauti ya mtu mwingine. Ndiyo desturi yao. Wote."

"Najua, dada. Si nimekua namsikia kila mchunga ng'ombe wa Amerika akisema kama karani wa posta ya Roma? Hilo hata mtoto analijua. Sisi tunawatilia wao, wao wanatutilia sisi."

"Ehe. Basi huenda hata sisi kwa sisi..."

"Sisi kwa sisi vipi?" Settimio akamtazama kwa huruma, kana kwamba yeye ndiye mgonjwa. "We Ersilia umezeeka. Filamu ya Kiitalia, imepigwa dirishani kwetu, mama alikuwa Mtaliano. Wamtilie Kiitalia juu ya Kiitalia ya nini? Ni kama kumvisha mtu soksi juu ya soksi."

Hiyo ndiyo akili ya nchi nzima, si ya Settimio peke yake. Muulize Mtaliano yeyote atakwambia kwamba wageni wote wa kwenye runinga wamepachikwa sauti. Mwambie kwamba hata walalahoi wa mitaa yake mwenyewe walipachikwa, atakutazama kama umemtukania mama. Ersilia akaondoa mkono gotini. Akasema anakwenda kuangalia dengu.

*

Marzia hakulala. Aliandika kwa huyu, akapiga kwa yule, akamsumbua Amleto ambaye duka hana tena, na siku moja akaja mbio na koti la duka la dawa bado mwilini. Yule mrithi mwenye wakili alikuwa amekufa, na wale wawili waliobaki walionana mazishini, wakalia, wakapatana. Filamu ilikuwa inasafishwa. Diski ya Kiitalia ingetoka kabla ya vuli.

Haikutoka kabla ya vuli. Wakasema Oktoba. Oktoba wakasema rangi nyeusi haijawa nyeusi vya kutosha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na Settimio alikuwa amebaki tumbo na macho tu. Kila asubuhi aliuliza, "Imekuja?" na kila asubuhi mtu alimjibu, "Kesho." Jirani wa juu akaleta supu akiuliza imekuja. Wa chini akaleta biskuti za divai akiuliza imekuja. Kasisi naye, aliyekuja na sakramenti, aliuliza kabla hata hajavua kofia.

Jumanne moja Ersilia alipiga magoti mbele ya Mtakatifu Antoni, akafungua mdomo kuomba kama kawaida, maneno yakamkwama. Ilimjia ghafla kile alichokuwa akikiomba. Diski ikichelewa, Settimio atatangulia. Kuomba isitoke kulikuwa ni kuomba mdogo wake afe hajapata hicho kimoja. Alikuwa amewasha mishumaa kwa ajili hiyo, wiki baada ya wiki, kwa pesa ya pensheni! Akaona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini alipojaribu kugeuza dua, aombe itoke, napo hakuweza, maana ikitoka Settimio atamsikiliza bibi wa Firenze akidhani ni mama yake. Hakujua amwombe mtakatifu nini. Akabaki pale, magoti yanamuuma, kisha akainuka akaenda nyumbani bila kuwasha kitu.

Ikaja mwanzoni mwa Desemba.

Chumba kilijaa. Viti viliazimwa, madirisha yakafungwa, kahawa ikapita. Amleto alikuja na suti. Settimio safari hii hakunyanyuliwa, hakuweza. Walimgeuza ubavu na runinga wakaisogeza karibu. Picha ilikuwa safi ajabu, mpaka nyuzi za shuka zilihesabika. Na sauti waliisafisha pia, mikwaruzo yote wakaitoa.

"Atarudi," alisema Velia dirishani. "Najua atarudi. Hata mlango nimeuacha wazi."

Settimio hakulia kwa kelele. Machozi yalimtoka tu, yakipita juu ya pua kwenda kwenye mto, na mdomo wake ulikuwa wazi kama wa mtoto anayelishwa. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo yeye. Namkumbuka! Dada, namkumbuka, alikuwa akisema hivyohivyo! Nilikuwa nimesahau, kumbe ilikuwepo humu." Akajigonga kifuani. "Ilikuwepo humu siku zote. Siyo, dada? Siyo yeye?"

Watu wote wakamgeukia Ersilia. Alikuwa amesimama nyuma ya kitanda na kisahani cha kahawa mkononi. Kule kwenye runinga midomo ya mama yake ilikuwa imefika kwenye vitambaa vya meza.

"Ndiye," akasema Ersilia.

Marzia alikuwa amekaa chini, karibu na kioo cha runinga. Macho ya mfamasia yamezoea kusoma maandishi madogo. Akainama mbele. "Lakini mbona mdomo wake haufuati..."

Ersilia akamkanyaga mguu. Hakumgusa tu, alimkanyaga kwa kisigino, kwa uzito wote wa miaka yake. Marzia akauvuta mguu.

Baadaye, watu walipokwisha kuondoka, shangazi na mpwa walisimama ngazini gizani, taa ya ngazi imezimika kama kawaida yake.

"Si sauti yake," Marzia akasema.

"Hapana."

"Na wewe ulijua."

"Tangu siku ya kwanza."

"Alikuwa anasema nini pale?"

"Alikuwa anahesabu foronya."

Marzia akaanza kucheka, mkono mdomoni, na Ersilia alikijua kicheko kile, akangoja kigeuke. Kikageuka. Alipomaliza kulia Marzia alipangusa pua kwa mkono wa koti. "Tumwambie?"

"Mwambie wewe basi. Nenda. Mlango uko wazi."

Marzia hakwenda. "Sauti yake ya kweli ilikuwaje?"

"Mbaya," Ersilia akasema. "Nene, ya kukwaruza. Akiita, njiwa waliruka juu ya paa." Akataka kueleza zaidi, akakosa pa kuanzia. Akamwambia mpwa wake aende akalale, kesho ana kazi.

*

Mara moja tu, Settimio alikuwa amesema. Nani aliwahi kutosheka na mara moja? Kesho yake akataka tena. Keshokutwa tena. Marzia alikuwa amemfundisha rimoti, naye alikuwa akiirudisha ile sehemu ya dirishani, kisha anairudisha tena. Atarudi. Najua atarudi. Hata mlango nimeuacha wazi. Ersilia aliisikia akimenya viazi, akikunja nguo, akiwa bafuni na bomba limefunguliwa. Alijaribu kutia pamba masikioni. Alijaribu kuimba. Aliposema labda apumzike kidogo, Settimio alimtazama kwa macho ya kuomba, akasema, "Dada, nimemngoja miaka sitini na tano," naye akaichukua rimoti. Alimwongezea sauti.

Hakuna aliyekuwa na kosa, ndiyo iliyokuwa inamchoma. Angempata wa kumchukia angemchukia kwa raha. Ghislandi alikuwa mavumbi. Yule bibi wa Firenze alifanya kazi yake siku moja, akavaa kofia yake, akaenda zake, naye pengine alikuwa mavumbi pia. Marzia alifanya alichofanya kwa mapenzi. Hata Mtakatifu Antoni, ukimpima kwa haki, alifanya kazi yake tu.

Siku chache kabla ya Krismasi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Settimio aliacha kuitazama runinga, macho yalikuwa mazito, akaomba izimwe. Nyumba ikawa kimya kwa mara ya kwanza tangu diski ije. Mashine ya oksijeni tu ndiyo iliyokuwa ikipumua. Ersilia akadhani amelala, akaanza kumfunika mabega.

"Dada."

"Niko hapa."

"Kwenye filamu anamwita mumewe. Anamwita yule mtoto wa jirani, Tonino. Mimi haniiti."

"Wewe hukuwemo kwenye filamu, Settimio. Ulikuwa kiunoni kwangu unanikojolea."

Akatabasamu. Ilichukua muda kupata pumzi ya kuendelea. "Alikuwa ananiita vipi? Jioni, nikiwa uani. Wewe unajua. Niite kama alivyokuwa akiniita."

Moyo wa Ersilia uliruka. Kumbe ndiyo hii! Miaka yote alikuwa amekaa na ile sauti kama mtu aliyepewa kitu amtunzie mwenzake, na mwenye nacho ndiye huyu amekuja kukidai. Hakuna haja ya kumwambia neno juu ya filamu, wala Firenze, wala foronya. Atamwita tu. Atamwita kwa sauti nzito ya mlimani, ya kutoka tumboni, ile ya kuwarusha njiwa, na Settimio ataipata, hata kama hatajua kwamba ndiyo hiyo na nyingine siyo.

Akaenda dirishani, maana kuita kulikuwa kwa dirishani. Akafungua, baridi na harufu ya mvua vikaingia. Akashika kizingiti kwa mikono miwili. Akafumba macho, akaitafuta.

Akafungua mdomo akaita.

Ilitoka laini. Ilitoka nzuri, imepigwa pasi, kila herufi kwenye kiti chake, ya bibi wa tamthilia anayemngoja mumewe. Ersilia akafumbua macho kana kwamba kuna mtu mwingine aliyesema. Akakohoa, akasafisha koo, akajaribu kuishusha chini, tumboni, akaita tena, ikatoka ileile. Akajaribu kumkumbuka mama akimkaripia. Akajaribu kumkumbuka akigombana na mwenye nyumba, akimwita Mungu kwenye homa ya mwisho. Velia alifungua mdomo kila mahali, na kila mahali alisema vilevile, Hata mlango nimeuacha wazi.

Alibaki ameshika kizingiti, mvua inampiga mikononi.

"Ndiyo," Settimio akasema nyuma yake, amefumba macho, uso wote umelainika. "Hivyo hasa. Lo, dada, ulikuwa nayo siku zote ukaninyima. Tena. Niite tena."

Na Ersilia akamwita tena, kwa sauti ileile, kwa kuwa nyingine hakuwa nayo.